Bakteria wa Mizizini Nao Huhitaji Kulishwa

Mkulima anayefuga ng'ombe wa maziwa anajua kwamba majani peke yake hayatoshi. Ng'ombe aweza kusimama katika majani yanayomfika tumboni na bado akakonda, maziwa yakapungua na manyoya yakafifia, kwa sababu ya kukosa kitu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Ndiyo maana huwekewa chumvi ya madini ya kulamba. Katika shamba hilo hilo kuna mifugo wengine, wadogo mno hata maelfu yao wakikusanyika hawafikii ukubwa wa punje moja ya chumvi. Hao ni bakteria wanaokaa katika mizizi ya maharagwe, kunde, njegere, soya, njugu na lusini, na kuipatia mimea hiyo naitrojeni kutoka hewani. Nao hawawezi kuishi kwa chakula kikubwa peke yake. Wanahitaji madini, na wengi wao huhitaji vitamini pia, kwa kipimo kidogo ajabu; wakikosa, hawaongezeki.

Somo la mwezi huu ni juu ya chakula hicho kidogo. Twalileta kwa sababu lina fedha ndani yake. Skimu nyingi za makazi zilianza mwaka 1962 na miaka iliyofuata, katika mpango wa eka milioni moja. Mashamba mengi yaliyokatwa wakati huo yalikuwa malisho ya miaka mingi, na udongo wake ulikuwa na nguvu. Leo shamba la babu limegawanywa kwa wana na wajukuu, na mahindi na maharagwe hupandwa pale pale kila mwaka. Naitrojeni ambayo zamani udongo uliitoa bure sasa hununuliwa kwa gunia. Mkulima akisikia kwamba kuna pakiti ndogo ya bakteria inayouzwa kwa bei nafuu kuliko gunia la mbolea, hununua, hupaka mbegu, hupanda, na pengine haoni tofauti yo yote. Husema ametapeliwa, wala hanunui tena. Mara nyingi pakiti ilikuwa nzuri. Bakteria walikufa kwa jua, au walifika katika udongo usio na chakula chao, wakafa kwa njaa kabla ya kuufikia mzizi.

Kazi yao kwa ufupi

Karibu sehemu 78 katika kila 100 za hewa ni naitrojeni, lakini hakuna mmea unaoweza kuivuta naitrojeni hiyo kwa majani yake. Wakulima wa zamani walijua kwamba nafaka ikifuata kunde hustawi, ila hawakujua sababu. Mwaka 1886 wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kwamba vifundo vilivyo katika mizizi ya jamii ya kunde ndivyo vinavyoleta naitrojeni hiyo. Mwaka 1888 Beijerinck wa Uholanzi aliwatoa bakteria katika vifundo na kuwakuza peke yao. Jina lao la kitaalamu ni Rhizobium, na wako wa namna nyingi.

Mapatano yao na mmea ni ya haki. Mmea hutengeneza sukari kwa jua na kuwapelekea bakteria ndani ya kifundo. Bakteria huitumia sukari hiyo kama kuni za kuendeshea kazi, nao huurudishia mmea naitrojeni. Ndani ya kifundo hawana shida kubwa, maana wako nyumbani kwa tajiri. Shida yao iko nje, katika siku zile tangu mbegu kufukiwa mpaka bakteria kuingia mzizini. Siku hizo wanajitegemea udongoni, na hapo ndipo habari ya vitamini inapoingia.

Vitamini iliyotafutwa na watu watatu

Beijerinck alipowakuza bakteria wake alitumia mchuzi wa majani ya mimea ya jamii ya kunde, nao walistawi. Baadaye wataalamu wengine walitaka kujua hasa bakteria hula nini, wakaacha mchuzi, wakatengeneza maji yenye sukari safi na chumvi safi tu. Bakteria wa aina nyingi wakakataa kukua. Chakula kilikuwa tele, lakini kulikuwa na kitu kilichokosekana.

Mwaka 1933 Allison, Hoover na Burk, waliokuwa wakifanya kazi katika Idara ya Kilimo ya Marekani, walitangaza kwamba kitu hicho kipo, na kwamba kidogo tu kikitiwa katika maji yale bakteria huamka na kuongezeka. Hawakujua ni kitu gani, kwa hivyo walikiita koenzaimu R.

Wakati huo huo watu wengine walikuwa wakitafuta vitu vingine, bila kuwafikiria bakteria wa maharagwe hata kidogo. Huko London mwaka 1927 Margaret Boas alikuwa ameonyesha kwamba panya waliolishwa ute mweupe wa yai bichi kwa wingi walipata ugonjwa wa ngozi na kunyonyoka manyoya, na kwamba kuna chakula fulani kilichoweza kuwaponya. Mtaalamu aitwaye György alikipa kitu hicho cha kuponya jina la vitamini H. Naye Kögl na mwenzake Tönnis, huko Uholanzi, walikuwa wakitafuta kitu kinachoikuza hamira. Mwaka 1936 walichukua kilo 250 za viini vya mayai ya bata vilivyokaushwa, wakachuja na kuchuja, mwisho wakapata karibu miligramu moja tu ya kitu walichokiita bayotini. Mkulima na afikirie: magunia ya viini, na mavuno yasiyojaza ncha ya kisu.

Kati ya mwaka 1939 na 1940 ilijulikana kwamba vitu hivyo vitatu ni kimoja. Dawa ya ngozi ya panya, chakula cha hamira na kitu walichokililia bakteria wa kunde vyote ni bayotini. Ute wa yai bichi huwadhuru panya kwa sababu una kitu kinachoishika bayotini na kuinyima mwili, na yai likipikwa vizuri nguvu hiyo huisha.

Si bayotini peke yake. Baadaye ilionekana kwamba wako bakteria wanaohitaji thiamini, ile vitamini B1 iliyomo katika pumba za nafaka, na wako wanaohitaji asidi ya pantotheniki, ambayo pia ni ya jamii ya vitamini B. Bayotini husaidia kujenga mafuta na sehemu nyingine za mwili wa bakteria, na thiamini husaidia kuichoma sukari ili itoe nguvu. Mwaka 1963 Graham alichapa habari za uchunguzi wake juu ya aina nyingi za bakteria hao, na tofauti zilikuwa wazi. Wale wa maharagwe, njegere na klova mara nyingi huhitaji vitamini moja, mbili au zote tatu. Wale wa lusini hulia zaidi bayotini. Wale wa soya hukua polepole, lakini wengi wao hujitengenezea vitamini zao wenyewe. Ni kama ng'ombe wa kizungu na zebu: mmoja hutoa maziwa mengi lakini hudai vingi, na mwingine hupata riziki yake mahali pagumu.

Je, mkulima anunue vitamini?

La. Jambo hili twalisema waziwazi, kwa maana mtu akisikia neno vitamini hufikiria chupa. Akija mfanya biashara na chupa ya vitamini za kumwagia udongo wa maharagwe, mwache aende zake. Kipimo ambacho bakteria huhitaji huhesabiwa kwa sehemu za milioni za gramu, na shamba linalotunzwa vizuri hutoa zaidi ya hizo bila malipo.

Zinatoka wapi? Kwanza zinatoka katika mbegu na mzizi wenyewe. Mbegu inapoota na mzizi mchanga unapojipenyeza udongoni, hutoa kidogo kidogo sukari, asidi na vitamini, na bakteria walio karibu hunywa hapo. Mwaka 1996 watafiti Streit, Joseph na Phillips wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wa lusini huweza kuzuiwa kuongezeka juu ya mzizi kwa uhaba wa bayotini na vitamini nyingine, na kwamba kidogo tu kikiongezwa huongezeka zaidi. Kwa hivyo mbegu kuukuu yenye kuota kwa unyonge ni hasara mara mbili: mche ni dhaifu, na bakteria hawapati mchuzi wa kutosha mlangoni.

Pili, vitamini hutoka kwa vijidudu wengine wa udongo. Wako wengi wanaojitengenezea bayotini na thiamini na kuacha nyingine zikimwagika. Jirani zao hula makombo. Lakini vijidudu hao nao wanataka kitu cha kuozesha. Tatu, zimo katika samadi. Katika tumbo la ng'ombe vijidudu hutengeneza vitamini za jamii ya B mchana na usiku, na samadi hutoka nazo pamoja na vijidudu wenyewe. Samadi iliyooza vizuri, isiyoachwa kuchomwa na jua wala kuoshwa na mvua, ndiyo chupa ya vitamini ya mkulima. Udongo ulioachwa mtupu mwaka baada ya mwaka, mabua yakichomwa na samadi ikirundikwa nyuma ya boma mpaka iote nyasi, ni udongo usio na makombo ya kula.

Pale ambapo vitamini hutolewa kwa kipimo ni katika nyumba ya kutengenezea bakteria. Hapa Kenya kazi hiyo ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, na unga wake wa bakteria unajulikana kwa jina la Biofix. Njia ya kawaida duniani ya kuwakuza bakteria hawa ni maji yenye sukari iitwayo manitoli, chumvi chache, na hamira iliyochemshwa na kuchujwa, karibu nusu gramu yake kwa kila lita. Hamira hiyo ndiyo inayoleta bayotini, thiamini na asidi ya pantotheniki. Ni hamira ya jamii ile ile inayoumua mandazi. Bakteria wakishazidi hutiwa katika kitu cha kuwabeba. Nchi nyingine hutumia mboji nyeusi ya kinamasi. Kwetu limetumika tope linalobaki viwandani miwa ikishasafishwa sukari, ambalo lina chakula ndani yake na hushika unyevu. Kwa hivyo bakteria hutoka kiwandani wakiwa wameshiba. Kazi ya mkulima ni kuwafikisha mzizini kabla shibe hiyo haijaisha.

Madini: kobalti na ugonjwa wa Nakuru

Wazee wa upande wa Nakuru hukumbuka habari za ugonjwa wa ng'ombe ulioitwa Nakuruitis. Ng'ombe walidhoofu wakiwa katika malisho mazuri, wakakataa kula, wakapungukiwa damu. Walipohamishwa kwenye malisho ya udongo mwingine walipata nafuu. Kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo udongo wa majivu ya volkano katika sehemu hizo ni maskini nayo. Vijidudu wa tumbo la ng'ombe hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12, na bila B12 ng'ombe hawezi kuishi.

Bakteria wa vifundoni ni vivyo hivyo. Mwaka 1960 Ahmed na Evans, katika jimbo la Oregon huko Marekani, walipanda soya katika maji yaliyosafishwa sana hata yasiwe na kobalti. Soya iliyotegemea bakteria peke yao kwa naitrojeni iligeuka manjano na kudumaa. Walipotia kobalti kidogo sana ikarudia kijani. Bakteria wa kifundo huihitaji kobalti kutengeneza B12 kama vile vijidudu wa tumbo la ng'ombe.

Hapa mkulima wa skimu mwenye ng'ombe ana faida. Sehemu kubwa ya kobalti iliyo katika chumvi ya kulamba hupita tumboni na kutoka katika samadi. Ukimpa ng'ombe chumvi nzuri ya madini, kisha ukairudisha samadi yake katika shamba la maharagwe, umelisha mifugo wa aina mbili kwa fedha moja. Chumvi ya mezani au magadi peke yake hayafanyi kazi hiyo. Soma karatasi iliyo juu ya mfuko uone kama kobalti imetajwa.

Molibdeni ni madini mengine. Chombo ambacho bakteria hukitumia kuishika naitrojeni ya hewa kimejengwa kwa chuma na molibdeni, na pasipo molibdeni hakuna chombo. Huko Australia ya Kusini mwaka 1942 Anderson aligundua kwamba klova iliyokuwa ikidumaa katika udongo wenye asidi ilistawi kwa kutiwa molibdeni kidogo sana, aunsi chache tu kwa eka. Lakini mkulima asikimbilie kuitafuta dukani. Mara nyingi molibdeni imo udongoni, ila asidi imeifunga. Udongo wenye asidi ukitiwa chokaa, madini hayo hufunguliwa. Na molibdeni ikizidi katika malisho huwadhuru ng'ombe, kwa hivyo isitumiwe bila ushauri wa mtaalamu.

Chuma tutaipita upesi, maana udongo mwekundu wa kwetu haukosi chuma. Ni chuma hiyo inayokipa kifundo kizuri rangi nyekundu kama ya damu.

Fosforasi ndiyo njaa iliyo kubwa kuliko zote. Hiyo si chakula cha kipimo kidogo. Inahitajiwa kwa kilo, nasi twaitaja hapa kwa sababu kutafuta molibdeni katika shamba lisilo na fosforasi ni kama kumpaka mafuta mtoto asiyekula tangu jana. Kifundo kinachofanya kazi huchoma sukari nyingi, na kazi hiyo yote hupitia fosforasi. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya udongo mwekundu huishika fosforasi hata mmea usiipate. Ukichagua kitu kimoja cha kununua kwa ajili ya bakteria, nunua fosfeti.

Asidi, na naitrojeni ya gunia

Mashamba ya Uasin Gishu na Trans Nzoia yaliyotiwa DAP kwa miaka mingi bila chokaa mengi yameingia asidi. Bakteria wa maharagwe hawapendi udongo ulio chini ya kipimo cha 5, na hufanya kazi vizuri zaidi kuanzia 5.5 kwenda juu. Katika asidi kali mambo matatu huwapata kwa pamoja: alumini huyeyuka na kuunguza mizizi, fosforasi hufungwa, na molibdeni hufungwa. Hapo hata pakiti kumi hazitasaidia. Pima udongo kwanza. Vituo vya utafiti wa kilimo vya KALRO hupima, na afisa wa kilimo wa wadi atakuonyesha jinsi ya kuchukua udongo wa kupeleka. Kiasi cha chokaa hutegemea kipimo hicho, wala si vema kubahatisha, maana chokaa ni nzito na gari la kuileta hulipwa.

Juu ya mbolea za naitrojeni, wakulima wengi huharibu wakidhani wanasaidia. Mche wa maharagwe ukipata naitrojeni nyingi udongoni hauwakaribishi bakteria. Kwa nini alishe wageni mtu ambaye chakula kimeshaletwa mezani? DAP ya kupandia, yenye naitrojeni 18 katika 100, hutoa kidogo cha kuanzia na kwa kawaida haina madhara makubwa kama udongo hauna asidi. Lakini kuongezea CAN juu ya maharagwe yaliyopakwa bakteria ni kununua kitu kimoja mara mbili. Gunia la CAN la kilo 50, lenye naitrojeni 26 katika 100, ni kilo 13 za naitrojeni; peleka gunia hilo kwenye mahindi. TSP haina naitrojeni na ina fosfeti nyingi, kwa hivyo ndiyo tunayoipendelea kwa mimea ya jamii hii.

Kuwatunza tangu dukani

Nunua pakiti ya zao unalopanda. Bakteria wa soya hawataingia katika maharagwe, wala wa maharagwe hawataingia katika lusini. Kunde na njugu mara nyingi hupata bakteria wao katika udongo wetu bila kupakwa. Soya ni mgeni na mara nyingi huhitaji bakteria wa kununuliwa, ingawa kituo cha IITA cha Ibadan, Nigeria, kilianza katika miaka ya 1970 kuzalisha aina za soya zinazoweza kupatana na bakteria wa Afrika.

Tazama tarehe ya mwisho iliyo juu ya pakiti. Muulize mwenye duka aliiweka wapi. Pakiti iliyokuwa dirishani juani, au chini ya bati karibu na paa, usiinunue hata kwa nusu bei. Nyumbani iweke mahali penye baridi na kivuli. Siku ya kupanda lowesha mbegu kidogo kwa gundi iliyo pamoja na pakiti, au kwa maji ya sukari, kisha tia unga wa bakteria kwa kipimo kilichoandikwa na kuchanganya polepole mpaka kila mbegu iwe nyeusi. Iache kivulini kidogo, kisha panda siku ile ile katika udongo wenye unyevu na kuifukia mara moja. Usiziweke mbegu hizo katika ndoo moja na mbolea, maana chumvi ya mbolea huwaua bakteria. Na mbegu zilizopakwa dawa ya rangi ya kuzuia ukungu zina hatari vile vile, kwani dawa nyingi za namna hiyo haziwachagui vijidudu wabaya na wazuri.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi sana. Maharagwe ya kawaida ni mvivu katika kazi hii yakilinganishwa na soya au kunde. Hata yakihudumiwa vizuri huchukua sehemu fulani tu ya naitrojeni yake kutoka hewani, na nyingi ya hiyo huondoka shambani katika punje. Mahindi yatakayofuata yatafaidi ikiwa makapi na mizizi imerudishwa udongoni. Ukiyachoma makapi, umeirudisha hewani naitrojeni ambayo bakteria waliishusha kwa taabu.

Kujua kama wameshiba

Maharagwe yanapoanza kutoa maua, chimba mimea mitano au sita katika sehemu mbalimbali za shamba. Usiing'oe kwa mkono, kwa maana vifundo vitakatika na kubaki ardhini. Chimbua kwa jembe pamoja na bonge la udongo, kisha osha taratibu katika ndoo. Pasua vifundo kwa ukucha. Vilivyo vyekundu ndani kama nyama mbichi vinafanya kazi. Vilivyo vyeupe au vya kijani havifanyi, au vimekwisha kazi. Vifundo vingi vidogo vyeupe vilivyotawanyika huonyesha kwamba bakteria waliingia lakini hawana nguvu, ama kwa sababu si aina nzuri ama kwa sababu ya njaa ya madini. Kutokuwa na vifundo kabisa huonyesha kwamba walikufa kabla ya kufika, au kwamba udongo una asidi, au kwamba naitrojeni ya gunia ilikuwa nyingi.

Mkulima anayetaka kujua shamba lake hasa linahitaji nini anaweza kufanya jaribio katika kona moja, bila gharama kubwa. Pima vipande vinne vilivyo sawa, kila kimoja mistari mitatu ya hatua kumi. Cha kwanza panda maharagwe matupu. Cha pili tia samadi na TSP, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila hatua ya mstari, ukiichanganya na udongo isiguse mbegu. Cha tatu panda mbegu iliyopakwa bakteria, bila samadi wala TSP. Cha nne tia samadi, TSP na mbegu yenye bakteria. Anza kupanda vile viwili visivyo na bakteria, maana mikono yako ikishashika unga mweusi itawapeleka kila mahali. Vuna kila kipande peke yake, kausha, pura, na pima kwa mizani ile ile.

Kama cha tatu ni sawa na cha kwanza, lakini cha nne kimekishinda cha pili, basi bakteria ni wazuri ila walikuwa na njaa. Usinunue pakiti tena bila kununua fosfeti na kubeba samadi. Kama cha nne na cha pili ni sawa, udongo wako tayari una bakteria wa kutosha. Nunua TSP na uache pakiti dukani. Na kama vyote vinne ni vibaya vivyo hivyo, chukua udongo wa hapo katika mfuko safi na kuupeleka kupimwa asidi kabla ya msimu ujao.